Kibodi Isiyo na Waya kwa Kompyuta ya Nyumbani: Mhadhara Uliotolewa Moshi

Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Wazazi, walimu na vijana mliofika jioni hii, karibuni sana. Nimeombwa nizungumze juu ya kifaa kidogo, nami nimekubali kwa moyo wote, kwa sababu haipiti wiki bila kuletewa kibodi ambayo haina ubovu wowote, ila imenunuliwa kwa ajili ya kompyuta isiyoweza kuelewana nayo. Mwenye kibodi anaamini amepunjwa dukani, muuzaji anaamini mteja hajui kuitumia, na fedha ya familia imekwisha kutoka.

Nianze na nyumba ninayoifahamu. Dada yangu anaishi Pasua, na mwaka juzi alinunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, kwa ajili ya hesabu za duka lake na masomo ya watoto. Alinituma mimi nimtafutie kibodi isiyo na waya, kwa kuwa meza yake ni ile ile wanayolia chakula na hakutaka nyaya zikatize kati ya sahani. Nilimchagulia kibodi nyembamba, nyeusi, ya Bluetooth, na kwa sababu mashine yake haikuwa na Bluetooth ndani yake, nikanunua na kile kidude cha kuchomeka ili iipate. Ilifanya kazi vizuri kwa miezi kadhaa. Kisha usiku mmoja umeme ulikatika hadi asubuhi, na alipoiwasha mashine, skrini ilibaki nyeusi yenye mistari michache ya maandishi meupe, mstari wa mwisho ukimtaka abonyeze F1 ili aendelee. Alibonyeza mara moja, mara kumi, mara hamsini, na hakuna kilichobadilika. Akanipigia simu akasema, "Mdogo wangu, mashine imekufa, na mtoto ana kazi ya kupeleka shule kesho."

Mashine haikuwa imekufa. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ya duara, bapa kama sarafu, inayotunza saa na mipangilio ya mashine wakati umeme haupo. Betri ile ilikuwa imeisha, kwa hiyo baada ya giza la usiku mzima kompyuta ilikuwa imesahau tarehe, na ilisimama ili kumuuliza mwenyewe kama iendelee. Wakati huo Windows, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, ilikuwa bado haijaamka. Bluetooth ya kidude kile huendeshwa na programu zilizomo ndani ya Windows, na programu zikiwa bado zimelala, kibodi ya dada yangu haikuwepo kabisa machoni pa kompyuta yake. Niliazima kibodi ya waya kwa jirani, nikabonyeza F1 mara moja, na mashine ikaendelea. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliichagua kibodi ile kwa kuitazama, wala sikujiuliza ingeongeaje na mashine ile katika nyumba ile.

Ndiyo maana ninawasihi kwamba swali la kwanza dukani lihusu njia ya mawasiliano, kabla ya rangi na kabla ya bei. Kibodi isiyo na waya ni redio ndogo. Kila unapobonyeza kitufe, redio hiyo hutuma ujumbe mfupi hewani kusema kitufe kipi kimeshuka na kipi kimeachiwa, na upande wa pili lazima pawepo redio nyingine inayosikiliza. Tofauti kubwa kati ya kibodi na kibodi ni mahali ilipo redio hiyo ya pili.

Aina ya kwanza huja na kipokezi chake, kidude cha USB kisichozidi ukucha wa kidole gumba, ambacho wengi hukikuta kimefichwa kwenye chumba cha betri na wengine hukitupa pamoja na boksi wasijue ni nini. Kipokezi hicho kinapochomekwa, hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi ya kawaida ya waya. Kompyuta haijui kabisa kwamba kuna redio katikati, na kwa hiyo hukipokea tangu dakika ya kwanza ya kuwaka, hata kabla ya Windows, hata mashine ikiwa ya zamani. Kwa kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, ambayo ndiyo iliyojaa katika nyumba zetu hapa Moshi na kule Arusha, aina hii ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Ubaya wake ni kwamba kipokezi kikipotea, kibodi nyingi hubaki mbao tu, kwa sababu kipokezi cha kibodi nyingine hakitaitambua. Kuna kampuni kubwa ambazo vipokezi vyao vinaweza kuunganishwa upya na kibodi nyingine za kampuni hiyo hiyo, lakini hilo ulizeni kabla hamjalipa.

Aina ya pili ni ya Bluetooth, nayo hutegemea redio iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe. Kwa kompyuta mpakato za miaka ya karibuni, na kwa simu au tableti, ni njia nzuri sana, kwa sababu haili tundu la USB na hakuna kidude cha kupotea. Kibodi nyingi za aina hii hukumbuka vifaa viwili au vitatu, hivi kwamba mwalimu anaweza kuandika maswali ya mtihani kwenye kompyuta, akabonyeza kitufe kimoja, kisha akajibu ujumbe wa mzazi kwenye simu kwa vitufe vile vile. Nani asiyeipenda huduma hiyo? Ila anayeichagua kwa ajili ya kompyuta ya mezani ahakikishe mambo mawili: kwamba mashine ina Bluetooth kweli, na kwamba kabatini imebaki kibodi moja ya waya, hata ikiwa imechakaa, kwa ajili ya asubuhi kama ile ya Pasua.

Ipo pia aina ya tatu, yenye kipokezi na Bluetooth kwa pamoja, na baadhi yake hutumika hata kwa waya wa USB pale betri inapoisha. Mwenye uwezo wa kuipata hiyo amejiondolea mashaka mengi. Lakini aulize vizuri juu ya waya huo, kwani katika kibodi fulani unapitisha maandishi, na katika nyingine unachaji betri tu.

Sasa niseme juu ya hewa yenyewe, maana malalamiko ya "kibodi inaruka herufi" mara nyingi chanzo chake kiko huko. Karibu kibodi zote hizi, za kipokezi na za Bluetooth, hutumia masafa ya gigahezi 2.4. Masafa hayo ni kama barabara ya soko la Mbuyuni siku ya gulio. Wi-Fi ya nyumbani inapita hapo, simu zinapita hapo, na jiko la maikrowevu linapowaka huvujisha kidogo hapo hapo. Bluetooth iliundwa ikiwa na desturi ya kuhamahama, ikiruka kutoka mkondo mmoja hadi mwingine mara nyingi kwa sekunde na kuiepuka mikondo iliyojaa, na vipokezi vizuri vina ujanja unaofanana na huo. Vile vya bei ya chini sana huwa na ujanja mdogo.

Lakini adui ambaye watu hawamtarajii yuko karibu zaidi. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo ya kitaalamu yaliyoonyesha kwamba vifaa vya USB 3.0, yaani vile vya matundu ambayo mara nyingi yana plastiki ya bluu ndani, hutoa kelele ya redio katika masafa yale yale ya gigahezi 2.4. Niliwahi kuitwa kwa mzee mmoja mstaafu ambaye kila alipoandika neno "taarifa" lilitokea "tarifa", na mara nyingine "taaaaaaaarifa". Boksi la kompyuta lilikuwa chini ya meza, limesogezwa hadi ukutani. Kipokezi kilichomekwa kwa nyuma, na kando yake kabisa palikuwa na diski ya nje ya USB 3.0 anayohifadhia picha za ukoo. Kwa hiyo ujumbe wa kibodi ulilazimika kupita ubao wa meza, ukazunguka bati la boksi, na ulipofika ukakuta kelele ya diski mlangoni. Sikubadilisha kibodi. Nilichukua waya mfupi wa kurefusha USB, nikakileta kipokezi juu ya meza, sentimita arobaini hivi kutoka kwenye vidole vyake, na tangu siku hiyo "taarifa" imeandikwa kama inavyotakiwa. Waya huo huuzwa kwa bei ndogo mno, na ninatamani kila muuzaji wa kibodi angeuweka ndani ya mfuko pamoja na risiti.

Kwa kuwa ni redio, anayesikiliza anaweza kuwa zaidi ya mmoja. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Marekani iitwayo Bastille walionyesha kwamba kibodi za bei nafuu za watengenezaji wanane zilikuwa zinatuma kila herufi hewani bila kuificha, na kwamba mtu mwenye vifaa vinavyofaa angeweza kuisoma akiwa umbali wa hadi futi 250, yaani mita sabini na kitu. Hebu fikirini umbali huo katika nyumba za kupanga za Majengo, ni vyumba vingapi vinaingia humo. Watu wanaandika humo nywila za benki na namba za vitambulisho. Kibodi za Bluetooth kwa kawaida husimba mawasiliano yake, yaani huyageuza yasisomeke na mtu mwingine. Kwa zile za kipokezi, tafuteni kwenye boksi maneno yanayosema kwamba mawasiliano yamesimbwa, mara nyingi yakiwa na herufi AES na namba 128. Boksi lisiposema lolote kuhusu usimbaji, mimi siinunui kwa ajili ya mtu anayefanya kazi za fedha nyumbani, hata bei ikiwa nzuri namna gani.

Hapa ninaingia katika jambo lililo karibu zaidi na moyo wangu, nalo ni lugha tunayoiandika. Mpangilio wa herufi tunaoutumia, ule unaoanza na Q, W, E, R, T, Y, ulitokana na mashine za taipu za Marekani zilizoanza kuuzwa mwaka 1874, na hakuna aliyeupanga akifikiria Kiswahili. Chukueni methali ambayo kila mtoto wa hapa anaijua, "Haraka haraka haina baraka." Ina herufi ishirini na tatu, na kumi na moja kati ya hizo ni A. Hakuna E hata moja. Sasa wekeni vidole mezani kana kwamba mnachapa, muone ni kidole kipi kinachobeba A. Ni kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote. Kwa hiyo anayeandika Kiswahili kutwa nzima humfanyisha kazi kidole hicho kuliko mwandishi wa Kiingereza, na kitufe kigumu ambacho mwingine angekivumilia, sisi kitatuumiza kiungo. Hata uchakavu hujionyesha hapo: kibodi ya mwandishi wa Kiswahili, herufi inayofutika kwanza ni A.

Basi mnapoijaribu kibodi, msibonyeze vitufe vya katikati tu kama wengi wafanyavyo. Bonyezeni A kwa kidole kidogo cha kushoto, mara ishirini mfululizo, msikilize kidole. Kisha piteni na ukucha juu ya herufi yenyewe. Mkihisi wino umekaa juu ya plastiki kama stika nyembamba, jueni kwamba utaondoka mapema. Herufi iliyoingia ndani ya plastiki, au iliyofinyangwa kwa plastiki ya rangi nyingine, hudumu sana.

Kuna na suala la kibodi zinazotoka Ulaya, ambazo hufika kwenye masoko yetu pamoja na kompyuta zilizokwisha kutumika. Kibodi haitumi herufi kwa kompyuta. Inatuma nafasi ya kitufe, na kompyuta ndiyo inayoamua nafasi hiyo ni herufi gani kulingana na mipangilio yake. Kwenye kibodi ya Ujerumani, Y na Z zimebadilishana nafasi. Mtu anayechapa kwa kutazama vitufe, huku kompyuta yake imepangwa kwa mpangilio wa Marekani, akiandika "risiti za ada" atapata "risiti ya ada". Neno "kazi" likitoka "kayi" atalishtukia mara moja, lakini hiyo "ya" ni Kiswahili sahihi kabisa, na barua itakwenda shuleni ikitaja risiti moja badala ya nyingi bila mtu yeyote kugundua. Kwenye kibodi ya Ufaransa, A na Q ndizo zilizobadilishana, na "baba" hutoka "bqbq". Ya Uingereza haina shida kubwa, ila alama ya @ imekaa pengine, na anayeandika anwani ya barua pepe atapata alama za kunukuu. Mipangilio ya kompyuta inaweza kurekebishwa ifuate kibodi, na kazi hiyo haichukui hata dakika tano. Lakini anayetaka kukwepa hayo yote asome safu ya juu ya herufi kabla ya kulipa.

Tena, tafuteni kitufe cha ritifaa, kile cha pili upande wa kulia wa L. Bila hicho hakuna ng'ombe wala ng'ambo. Katika baadhi ya kibodi ndogo zinazotengenezwa kwa ajili ya kubebwa, kitufe hicho hupunguzwa hadi upana wa punje ya hindi, au hupatikana kwa kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Mwandishi wa Kiingereza atakihitaji hapa na pale. Mwalimu wa Kiswahili anayeandaa somo la ufugaji atakihitaji kila mstari.

Kuhusu vitufe vyenyewe, nitasema kwa ufupi kuliko mada inavyostahili. Kibodi nyingi za bei ya kawaida zina mpira laini chini ya vitufe. Hazina kelele, ila lazima kitufe kifike chini kabisa ndipo herufi itokee, na watengenezaji huzihesabia mibonyezo milioni tano hadi kumi kwa kila kitufe. Zile nyembamba kama za kompyuta mpakato hushuka kidogo tu, nazo ni nyepesi kwa vidole, lakini vumbi letu la miezi ya kiangazi, lile laini la udongo wa mlimani linalopenya hata dirisha likiwa limefungwa, likiingia chini ya kitufe, kuling'oa ni kazi ya subira. Zile zenye swichi ya peke yake chini ya kila kitufe huandika kabla kitufe hakijafika chini, hudumu mibonyezo milioni hamsini na kuendelea, na fundi anaweza kubadilisha swichi moja iliyokufa bila kuitupa kibodi nzima. Kwa anayeandika saa nyingi kila siku, ningemshauri ajikusanyie fedha kidogo kidogo aifikie hiyo. Ila achague swichi zisizolia, hasa kama anaandika usiku katika chumba ambacho mtoto amelala.

Upana nao upimwe, maana macho hudanganya. Kwenye kibodi ya kawaida, kutoka katikati ya kitufe kimoja hadi katikati ya jirani yake ni milimita 19 hivi. Chukueni rula ya mwanafunzi, mpime kutoka katikati ya Q hadi katikati ya P: mnatakiwa mpate sentimita 17 na kidogo. Ikipungua hapo kwa sentimita nzima au zaidi, mikono ya mtu mzima itabanana. Anayetunza hesabu za kikundi au za duka asinunue kibodi isiyo na safu ya namba upande wa kulia. Mwingine yeyote anaweza kuiacha, na meza ikapata nafasi.

Betri si fumbo. Kibodi nyingi hutumia ama betri za saa ya ukutani ama zile ndogo za rimoti, na isiyo na taa chini ya vitufe hukaa nazo miezi mingi. Betri hizo zipo kwenye kila duka la mtaani, na umeme ukikatika haziulizi. Zenye betri ya kuchaji ndani ni safi, lakini baada ya miaka kadhaa betri huchoka, nayo mara nyingi imefungiwa mahali ambapo mwenyewe hawezi kuifikia. Kama kibodi itakaa muda mrefu bila kutumika, tafadhali toeni betri za kawaida, kwa sababu zikivuja huozesha vyuma vilivyomo, na huo ndio ubovu ambao mara nyingi siwezi kuutengeneza.

Mnipe dakika moja zaidi kuhusu dukani. Ombeni kibodi iwekwe betri na kuunganishwa mbele yenu, wala msikubali kuambiwa kwamba boksi likifunguliwa halirudi. Andikeni sentensi tatu ndefu kwa kasi yenu ya kawaida. Sogeeni nayo hatua nne nyuma, mwandike tena. Iacheni dakika kumi bila kuigusa, mbonyeze herufi moja, muone kama inaamka mara moja au inaimeza ile herufi ya kwanza. Kibodi za Bluetooth huimeza mara nyingine zinapotoka usingizini. Kwa barua si kitu, lakini kwa nywila ni usumbufu mkubwa, kwa sababu herufi zimefichwa na huwezi kujua ni ipi iliyokosekana. Na kabla hamjatoka dukani, fungueni chumba cha betri mhakikishe kipokezi kimo.

Nimeleta kibodi tatu, zipo kwenye meza ile karibu na dirisha: moja ya kipokezi, moja ya Bluetooth, na moja ya Ujerumani niliyoinunua Kiboriloni kwa makusudi. Rula ipo, na waya wa kurefusha upo. Wazee wataanza, kisha waliokaa safu za nyuma. Kila mmoja aandike jina lake kamili na jina la kijiji alichozaliwa, kisha aniambie kidole kipi kimechoka kwanza.